Makasha mawili ya marehemu baba: niuze vitabu, au nifungue duka?

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi: “Shikamoo mzee. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu, na ametuachia makasha mawili ya vitabu. Kuna kamusi ya Madan ya 1903, Biblia kubwa ya zamani, *Kusadikika* isiyo na jalada, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, fungu la magazeti ya *Mambo Leo*, vijitabu vya TANU, ensaiklopidia ya Kiingereza juzuu zote, na daftari la tenzi lililoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Dalali mmoja anataka vyote kwa mkupuo, kwa laki tatu. Mimi nafanya kazi benki na nimeichoka. Nafikiria kuacha nifungue duka la vitabu vya zamani, nianze na hivi. Unanishauri nini?”

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufiwa. La kwanza ni hili: dalali asubiri. Na barua ya kuacha kazi isiandikwe kwanza. Hayo mawili ukinisikiliza, mengine tutazungumza taratibu.

Umesisitiza kwamba ensaiklopidia ina juzuu zote na kwamba Biblia ni kubwa, nadhani kwa sababu ndizo zinazojaza kasha. Kwa mnunuzi wa vitabu vya zamani, hizo mbili ndizo za mwisho kabisa. Ensaiklopidia ilichapwa kwa maelfu, ikanunuliwa na shule, misheni na watu wenye nafasi, na kwa kuwa ilikuwa ya bei kubwa hakuna aliyeitupa. Leo kila anayehama nyumba anatafuta wa kumpa. Biblia nayo ni hivyo hivyo. Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 imechapwa mara nyingi mno, na watu huitunza kwa heshima, kwa hiyo nakala zake zimejaa. Kinachoweza kuipa Biblia ya baba yako uzito ni kurasa za mwanzo: zikiwa na tarehe za kuzaliwa, za ubatizo na za ndoa alizoandika yeye au babu yako, hiyo ni kumbukumbu ya ukoo, na ukoo ndio unaopaswa kukaa nayo. Ukikuta ni ile Biblia ya Kiunguja ya wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, ya mwisho wa karne ya 19, hapo nistue, maana hiyo ni habari nyingine.

Sasa shika vijitabu vya TANU. Vilichapwa kwa karatasi duni, vikabanwa kwa pini mbili, vikagawiwa mikutanoni au kuuzwa kwa senti. Watu walivisoma, wakafungia karanga. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na nakala za mwanzo zilisambaa nchi nzima, lakini hebu jaribu leo kutafuta moja safi yenye pini zake. Kitu kilichotengenezwa ili kitunzwe hutunzwa na wengi, na kilichotengenezwa kitumike siku mbili kikatupwa ndicho kinachoadimika. Hilo ndilo ningependa ulikamate katika biashara hii, kwa sababu karibu kila mgeni huligeuza kichwa chini: anapanga bei kwa umri na unene wa kitabu. Umri hauuzi. Kinachouza ni uchache wa kitu pamoja na mtu anayekitafuta, na uchache peke yake nao hautoshi. Nimeona ripoti za mkutano wa chama cha ushirika ambazo huenda hakuna nakala nyingine duniani, na hakuna aliyezitaka.

*Mambo Leo* iko upande huo huo wa vijitabu. Ilianza Januari 1923, ikichapishwa na Idara ya Elimu Dar es Salaam, ikaenda miaka mingi, na ndani yake washairi wa Kiswahili walijibizana mwezi baada ya mwezi. Usiyachambue magazeti hayo ukauza moja moja. Yapange kwa mwaka na mwezi, uandike yaliyopo na yaliyokosekana. Mwaka uliotimia miezi kumi na miwili una wateja ambao matoleo yaliyotawanyika hayana: maktaba za vyuo, na watafiti wa ushairi na wa historia ya elimu.

Nije kwenye vitabu vyenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mkate wa muuza vitabu unapookwa au kuungua. Chukua *Kusadikika* ya Shaaban Robert. Ilitoka kwa mchapishaji Nelson mwaka 1951. Tangu hapo imesomwa mashuleni kizazi hadi kizazi na kuchapwa tena na tena, kwa hiyo nakala nyingi utakazoshika si za 1951 hata kama mwaka huo umeandikwa ndani. Funua ukurasa wa jina la kitabu, kisha geuza nyuma yake. Hapo pana historia ya kitabu: chapa ya kwanza mwaka fulani, chapa ya pili mwaka fulani, na kuendelea. Mwaka wa mwisho katika orodha hiyo ndio wa nakala uliyoshika. Vitabu vingine, hasa vya Uingereza na Marekani vya miaka ya karibuni, huweka msururu wa tarakimu badala ya maelezo. Tarakimu ndogo kuliko zote katika msururu ndiyo chapa yako. Halafu tazama kama kuna ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu. Namba hizo zilianza Uingereza mwaka 1967 na kuwa za kimataifa mwaka 1970, kwa hiyo nakala yenye ISBN haiwezi kuwa ya 1951, hata muuzaji akiapa. Na ikiwa ISBN ina tarakimu kumi na tatu, kwa kawaida umeshika kitabu kilichochapwa kuanzia mwaka 2007.

Yako haina jalada. Hapo usijidanganye: imeshuka sana. Mkusanyaji anayelipa vizuri hulipia toleo la kwanza likiwa kamili, na kama kitabu kilitoka na karatasi ya kufunika jalada, anataka na karatasi hiyo. Lakini hata bila jalada, Shaaban Robert kwa mtu wa Tanga si kitabu cha kutupa. Alizaliwa hapo hapo Vibambani mwaka 1909. Kama baba yako aliandika maelezo pembezoni mwa kurasa alipokuwa akiifundisha, mimi ningeiweka nyumbani.

Ile tamthilia ya Nyerere itazame jina lake juu ya jalada kabla ya kitu kingine chochote. Tafsiri hiyo ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1963, kwa Oxford University Press, iliitwa *Julius Caezar*. Mwalimu akaipitia upya, na mwaka 1969 ikatoka kwa jina ambalo wengi tunalijua, *Juliasi Kaizari*. Kwa hiyo jina peke yake linakwambia umeshika ipi. Ukiwa na zote mbili, ziuze pamoja. Msomi wa tafsiri atazitaka zikae ubavu kwa ubavu aone nini kilibadilishwa. Mambo kama hayo ndiyo kazi yenyewe. Dalali wako huenda hayajui. Au anayajua vizuri sana.

Kamusi ya Madan ni kitabu cha heshima. Ilichapwa Oxford mwaka 1903, na kamusi ya Johnson ya 1939 iliyosomewa na wazee wengi ilijengwa juu yake. Ila Madan inasomeka bure kwenye intaneti, ukurasa kwa ukurasa. Zamani mtafiti alilazimika kuinunua ili aitumie. Siku hizi anayeinunua anataka kuishika mkononi, basi hali ya nakala ndiyo inayoamua. Nikikadiria bila kuiona, ningeielezea kwenye orodha yangu hivi:

Madan, A. C. *Swahili-English Dictionary*. Oxford: Clarendon Press, 1903. Jalada gumu la awali la kitambaa, mgongo umefifia na umechanika juu kidogo. Jina la mmiliki kwa wino ukurasa wa mbele. Matundu ya wadudu pembezoni mwa kurasa za mwisho, hayagusi maandishi. Kurasa zote zimo.

Ona jinsi nilivyotaja kasoro kabla mteja hajaziuliza. Wauza vitabu vya kale duniani wana jumuiya yao, ILAB, iliyoanzia Amsterdam mwaka 1947, na msingi wa kanuni zao ndio huo: ukieleza kitabu, maelezo yako ni ahadi, na kikimfikia mteja kikiwa tofauti anakurudishia nawe unamrudishia pesa. Hata wewe unayeuzia kwenye WhatsApp kanuni hiyo inakuhusu. Mteja wa Muscat au London hawezi kuja kukipapasa kitabu. Amekuamini kwa mistari mitano. Na neno “kamili” lina gharama yake: kabla ya kuliandika, umehesabu kurasa zote, ramani na picha. Picha ndizo hukatwa zikauzwa kwenye fremu.

Kuhusu daftari la tenzi, sikushauri uliuze, angalau kwa sasa. Kwanza hujui limeandikwa nini. Huko Tanga wapo bado masheikh na wazee wanaosoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila kukwama. Mmoja akusomee, wewe urekodi kwa simu. Kisha lipige picha lote, kila ukurasa, mchana karibu na dirisha, bila kuwasha mwanga wa kamera. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu, na huko Lamu miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha za kidijitali bila kuondolewa mahali pake, kwa hiyo njia ya kulihifadhi bila familia kunyang'anywa ipo. Tena kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Daftari lako huenda ni la juzi tu, la karne ya 20, ila mpaka mtu anayejua alitazame, lisivuke mpaka.

Sasa hilo la duka.

Watu wakisikia “muuza vitabu vya kale” hufikiria mzee aliyekaa kwenye chumba chenye rafu za mbao, anasoma, mara anaingia tajiri. Katika miji yetu wauza vitabu vilivyotumika wengi wako barabarani. Nairobi huvitandaza kwenye njia za miguu katikati ya jiji, wateja wakiinama kuchagua, na Wakenya wameyaita maduka hayo Inama Bookshop. Dar es Salaam nako utawakuta kando ya barabara za mjini na meza zao. Vitabu vinatoka kwenye marobota na makontena ya mitumba kutoka ng'ambo, kwa wageni wanaofungasha kurudi kwao, kwa shule zinazosafisha stoo, na kwa familia kama yako. Na kinacholipa kodi ya meza si Madan. Ni kitabu cha kidato cha tatu, kitabu cha uhasibu, hadithi za watoto, na vile vya Kimarekani vya kukufundisha kutajirika. Mimi hao wa kutajirika siwapendi, lakini nawaweka, maana ndio wanaoondoka kabla ya saa nne asubuhi.

Hata vya shule vina mtego wake. Mtaala ukibadilika, akiba yako inageuka karatasi. Kenya ilipofanya kwa mara ya mwisho KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, vitabu vya darasa la nane vya mfumo wa zamani vilikufa sokoni, na aliyekuwa amejaza stoo alibaki navyo. Sisi Tanzania tumepitia hayo zaidi ya mara moja. Kwa hiyo vya shule nunua kidogo kidogo na uuze upesi, ila vya kale nunua kwa uangalifu na ukubali vikae. Kitabu kizuri cha historia ya pwani kinaweza kukaa rafuni miaka kabla mwenyewe hajapita. Hiyo pesa imelala, na benki uliyoichoka inakufundisha bure maana ya pesa kulala.

Kununua ndiyo kazi ngumu, kuuza kunafuata. Utaitwa kwenye nyumba za misiba, ambako warithi wana haraka na hawajui walichonacho. Hapo ndipo jina la muuza vitabu linapojengwa au kuvunjika. Kawaida ya biashara hii ni kulipa kati ya theluthi na nusu ya bei unayotarajia kuuzia, pungufu zaidi kwa kitu kitakachokaa sana, zaidi kwa kitu ambacho mteja wake unamjua kwa jina. Ukiona kitu adimu kwenye rundo, kitaje. Mjane uliyemwambia ukweli juu ya kitabu kimoja atakuletea jirani zake wote.

Na usinunue kitabu cha maktaba. Utaletewa, tena vizuri kabisa, vyenye muhuri wa maktaba ya taifa, ya chuo au ya shule, na muhuri mwingine umekwanguliwa kwa wembe. Maktaba hutoa vitabu vyake, ni kweli, lakini ikikitoa huweka alama ya kukiondoa. Pasipo na alama hiyo, kimeibwa mpaka ithibitike vinginevyo. Hivyo hivyo riwaya zilizodurufiwa: jalada lina rangi ya kufifia, kurasa zimepinda upande mmoja, bei nusu. Zinamwibia mwandishi, na siku mwenye haki akija na polisi, meza yako yote inabebwa.

Kwenye intaneti utakuta tovuti kama AbeBooks, iliyoanzishwa Kanada mwaka 1995 na kununuliwa na Amazon mwaka 2008. Itumie kujifunza jinsi wenzako wanavyoeleza vitabu. Bei zake usizimeze. Bei iliyoandikwa pale ni ndoto ya muuzaji ambaye bado hajauza. Kilichouzwa kimeshaondoka kwenye orodha. Na utumaji wa kifurushi kutoka Tanga kwenda Ulaya unaweza kupita thamani ya kitabu chenyewe, basi uliza posta kabla hujamwahidi mtu.

Wateja wako wa vya kale ni wachache na wametawanyika: walimu wastaafu, wasomi wa Kiswahili, watu wa Unguja na Pemba walioko Oman na Uingereza wanaotafuta chochote kuhusu kwao, na maktaba. Maktaba za nje hununua kweli, na Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa na ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya kanda hii, hasa mapya. Ila taasisi hulipa kwa makaratasi na kwa kuchelewa. Usipange kodi ya nyumba kwa ankara ya chuo kikuu.

Kwa hiyo nakushauri ubaki benki, na ufanye biashara hii Jumamosi. Chagua somo moja, usiuze kila kitu. Kwa Tanga ningechagua chapa za Kiswahili na habari za pwani ya kaskazini: vitabu vya misheni ya Magila kule Muheza, magazeti ya shule ya enzi za Mjerumani kama *Kiongozi* iliyotoka hapo hapo Tanga kuanzia 1904, na vitabu vya kiada vya East African Literature Bureau iliyoundwa mwaka 1948. Mkusanyo wenye somo una nguvu ambayo rundo halina. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya maelfu ya vitabu kuhusu Afrika, vingi vya kabla ya 1900, na kwa kuwa vilikaa pamoja serikali ikavichukua pamoja. Leo vimo kwenye Nyaraka za Taifa mjini Nairobi. Makasha ya baba yako nayo yana somo, ukitoa ensaiklopidia.

Wakati unafikiria, viokoe na Tanga yenyewe. Unyevu wa pwani na mchwa havingoji uamuzi. Toa makasha sakafuni, yaweke juu ya matofali au rafu ya chuma, mbali na ukuta wa nje kiasi cha upana wa kiganja, pahali penye hewa. Usifunge vitabu kwenye nailoni ukaviacha mwaka mzima, vitaota ukungu. Usivianike juani. Selotepu usiisogeze karibu: inageuka kahawia, gundi inaingia kwenye karatasi, na hakuna wa kuiondoa bila kuchuna maandishi. Ukiona unga mpya chini ya kitabu, kuna mdudu ndani; kifunge vizuri kwenye mfuko, ukiweke kwenye friza kali kwa wiki mbili, kisha ukiache kipate joto la kawaida kabla ya kufungua mfuko. Bei na maelezo yako andika kwa penseli laini, kona ya juu ya ukurasa wa kwanza.

Dalali akirudi, usimkasirikie wala usimpe bei. Mwambie mkupuo hakuna, achague anachotaka na ataje thamani ya kimoja kimoja. Nyamaza, utazame mkono wake unakwenda wapi kwanza. Ukienda kwenye ensaiklopidia, mwachie aibebe. Ukienda kwenye daftari au vijitabu, mshukuru, funga kasha, kisha unitumie picha za kurasa za mwanzo za kila kitabu, mbele na nyuma.